Kiapo Kililiwa Wapi

Shauri lilifutwa saa nne na robo,
kabla sijaitwa kizimbani.
Nilikuwa kwenye benchi la nje, Mahakama Kuu, Tanga,
na gauni nililolishona kwa ajili ya siku hiyo,
kola ya kusimama, vifungo kumi na kimoja.
Nilivihesabu usiku. Nikavihesabu tena ndani ya bajaji,
maana Wakili Shekiondo alinionya:
Bi Mwantumu, wataanza na macho yako,
kisha watakuuliza kama unajua kuhesabu.

Najua kuhesabu.
Miaka ishirini na mbili, barabara ya kumi na sita, Ngamiani,
nahesabu nyuzi kwa ncha ya ukucha,
na hajatokea bibi harusi wa kuniambia
kifua kimekataa.

Usiku wa kura nilikuwa wakala, chumba cha pili.
Mwalimu Sechonge akifunua karatasi moja moja,
koo limemkauka, anasoma kama anayesoma majina ya waliofeli.
Mia mbili kumi na nne, wetu.
Mia moja tisini, wao.
Kalamu yangu iliachwa mlangoni kwa askari,
nikaandika kwa chaki ya kukatia
kwenye pindo la kanga niliyojitanda.
Tukatia saini. Nikapewa nakala,
nikaisukumia ndani ya mtoto wa cherehani,
chini ya bobini na sindano zilizovunjika.

Kesho yake, kwenye ubao wa halmashauri,
chumba cha pili: mia moja kumi na nne.
Nguo imepunguzwa mia nzima
na alama ya mkasi haipo.

Ndipo zikaja zile wiki.
Vijana watatu wa Makorora wakalala Chumbageni siku tisa.
Mama yake Hoza akaniletea suruali ndani ya mfuko wa sukari,
goti limefunguka, kifungo kimeng'oka.
Kifungo, akasema, akacheka peke yake.
Nikatia kiraka. Sikumtoza.
Hakuniuliza kama kesi bado ipo.

Kiapo nilikula ghorofani,
juu ya duka la spoku na minyororo ya baiskeli.
Msahafu mkono wa kulia. Chini, fundi ananyoosha rimu,
ngo, ngo, ngo,
na harufu ya grisi ikapanda ngazi pamoja nasi.
Kamishna akapiga muhuri, akapuliza wino.
Kwenye karatasi palikuwa na nukta nane mfululizo
zikisubiri neno moja.
Hakuna aliyezitazama.

Mwenzao aliziona.
Alisimama na pingamizi jembamba kama wembe:
Mheshimiwa Jaji, kiapo kinachobeba shauri hili
hakisemi kimeliwa wapi.

Basi.
Kura hazikuguswa. Ubao haukuguswa.
Nakala yangu haikutoka kwenye bahasha.
Kila upande ubebe gharama zake.
Kwangu, mteja akikuta tundu la kifungo halijakatwa
hunirudishia nguo nikalikata palepale, amesimama;
haipeleki jalalani.
Nilitamani kuyasema haya. Lakini nje ya mlango
anayesikiliza ni karani tu, na karani alikuwa anakula karanga.

Rufaa, anasema Shekiondo.
Ana mwezi wa kuifikiria, na mimi nina kodi ya fremu.

Jumanne akaingia Bi Salhina, dada wa mshindi,
na vitenge vipya, doti tatu.
Akakaa, akasimama, akakaa.
Ni ya shughuli ya shukrani, akasema akitazama dari.
Ukikataa nitaelewa.

Nikachukua futi.
Kifua, kiuno, urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu.
Nikamsomea kila namba kwa sauti,
nikamgeuzia daftari aone ninavyoandika.
Sikumwongezea, sikumpunguzia hata robo inchi.
Kisha nikamkatia risiti:
jina lake, tarehe,
na kwenye nukta nukta za chini,
kwa herufi kubwa, nikikandamiza kalamu
mpaka karatasi ya pili na ya tatu zikashika:
NGAMIANI, TANGA.
Akasaini hapo.
Hakuuliza kwa nini mkono wangu ulikuwa mzito.